Ni "toe the line", si "tow"

Mdogo wangu, umeuliza kwenye insha uandike "toe the line" au "tow the line". Andika "toe", yaani kidole cha mguu: fikiria watu waliopanga vidole kwenye mstari, wakingoja amri. Maana yake ni kutii msimamo uliowekwa, hata kwa shingo upande. Sikio halitakusaidia, maana "toe" na "tow" hutamkwa sawasawa, "tou". Wakati uliopita ni "toed", silabi moja tu, "toud", usiseme "to-edi". Wengi huteleza kwenye "toeing": ile "e" haidondoki kama inavyodondoka "make" ikiwa "making". Kwa wanasiasa, chomeka "party" katikati: "toe the party line". Hiyo utaikuta sana magazetini.