Kabla hujasema Virginia ikae nje ya RGGI, soma bili yako

Mwaka 2022 kwenye bili yangu ya umeme hapa Norfolk, jimbo la Virginia, kulitokea mstari mgeni: RGGI. Kwa uniti 1,000 kwa mwezi, dola 2.39. Niling'aka. Nikampigia shemeji yangu, "Hawa sasa wameanza kutukamua." Kwa hiyo anayetaka tukae nje ya mpango huu simcheki. Nilipiga kelele kabla yake, tena bila kujua napigia nini.

RGGI ni mpango wa majimbo ya mashariki ya Marekani, ulianza 2009. Mtambo wa umeme wa megawati 25 au zaidi unaochoma gesi, makaa au mafuta ununue kibali kwa kila tani ya hewa ukaa. Vibali hupigwa mnada kila miezi mitatu, idadi yake ikipunguzwa polepole, na fedha hurudi kwa jimbo. Virginia iliingia 2021. Sheria yake ilishaandika mgawo: asilimia 45 kwa kinga ya mafuriko, 50 kwa nyumba za wenye kipato kidogo, zikiwemo zile zenye paa bovu ambazo haziwezi kuzibwa baridi kabla paa halijatengenezwa. Kwa miaka mitatu zilipatikana zaidi ya dola milioni 800.

Sisi wa pwani bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, tunaijua. Kwetu Mombasa ikija unasogeza dau. Hapa inakufuata barabarani: jua linawaka, hakuna wingu, na maji ya chumvi yanachungulia kutoka kwenye mitaro mpaka njia inajaa. Niliyapita kwa gari mara nyingi tu, nikiyaona kidimbwi. Siku moja fundi akanionyesha bomba la breki, kutu imelila likawa linamenyeka kama biskuti. Dola 640. Nikapiga hesabu palepale gereji: mstari ule wa bili ningeulipa zaidi ya miaka 22. (Sisemi ungeokoa breki zangu. Kinga ya maji haijengwi kwa mwaka.)

Gavana wa wakati huo, Glenn Youngkin, aliuita mpango huu kodi, na 2023 bodi ya jimbo ya kudhibiti uchafuzi wa hewa ikapiga kura tutoke, tukatoka. Novemba 2024 jaji wa Kaunti ya Floyd akasema hatua hiyo haikuwa halali, maana kilichowekwa na bunge bodi haiwezi kukifuta. Lakini hoja moja ya Youngkin ina uzito: shirika la umeme likimtupia mteja gharama yote, lina haja gani ya kupunguza moshi? Hilo lipelekeni kwa tume inayopanga bei za umeme, mkaze huko. Kutoka hakulitibu. New Jersey ilitolewa na gavana wake wa wakati huo, Chris Christie, tangazo likiwa la 2011, ikarudi 2020, na fedha za minada ya katikati hazikurudi nayo.

Ushauri wangu kwa jimbo ni liwe ndani. Kwenu ndugu zangu, vikao vya maoni vikiitishwa, nendeni, hata kama Kiingereza kinakwama. Chukueni bili na picha za maji mlangoni. Mimi nilikwenda na bomba la breki kwenye mfuko wa nailoni.