Safura si nyongo tena: asili ya jina

Uliyeuliza kwa nini kamusi moja inasema safura ni nyongo na nyingine inasema ni minyoo: zote ziko sahihi, zinatofautiana kwa wakati tu. Neno limetoka Kiarabu, safraa, mzizi uleule wa asfar, yaani rangi ya njano. Katika tiba ya kale ya matabibu Galen, Mgiriki, na Ibn Sina, wa Uajemi, mwili ulikuwa na majimaji manne: damu, balghamu, nyongo nyeusi na hiyo safraa, nyongo ya njano, yenye joto na ukavu.

Kwa Kiswahili jina likahamia kwa mgonjwa mwenyewe: amepauka, amevimba uso na miguu, anatamani kula udongo. Wengi wakadhani udongo ndio chanzo. Mara nyingi ni kinyume, upungufu wa madini ya chuma ndio unaoleta hamu hiyo. Na upungufu huo huletwa na upotevu wa damu: mnyoo wa safura, Ancylostoma duodenale, hung'ata utumbo na kunyonya takriban mililita 0.2 za damu kwa siku. Jamaa yake Necator, karibu 0.03. Viluwiluwi vyao huingia kupitia ngozi, hasa nyayo.

Kwa hiyo ukikuta "safura" katika maandishi ya kale ya tiba, usiitafsiri minyoo.