Maswali ya Wasomaji: Shakuhachi Kando ya Ziwa

SWALI: Ndugu Mhariri, napuliza filimbi ya mwanzi katika kwaya ya parokia yetu. Mgeni mmoja kutoka Japani aliponiaga aliniachia filimbi yao nene iitwayo shakuhachi, na mwezi wa pili sasa nasikia upepo tu. Je, mtu aweza kuishi kwa kuipuliza, kuifundisha na kuitungia muziki?
Msomaji wa Nyegezi, Mwanza

JIBU: Upepo huo huwapata wote waanzao, mimi nilipoijaribu mara ya kwanza niliambulia kizunguzungu. Baadhi ya filimbi zina njia inayoelekeza pumzi, lakini shakuhachi iko wazi juu na midomo yako ndiyo njia yenyewe. Egemeza kidevu kwenye ncha ya juu, kisha puliza uzi mwembamba wa pumzi kwenye ukingo uliochongwa mshazari, kama mtoto apulizavyo chupa ya soda. Ziba matundu yote, manne ya mbele na moja la nyuma, utafute sauti ya chini kabisa, ambayo Wajapani huiita ro, kila asubuhi kwa dakika kumi. Wao husema kwamba kujifunza kutikisa kichwa tu huchukua miaka mitatu, nao hawatanii, kwa sababu kichwa ndicho kinachopandisha na kushusha sauti.

Hapo ndipo watunzi wengi wanapokwama. Matundu matano hutoa sauti tano za msingi, na nyingine hupatikana kwa kuinamisha kidevu na kuziba tundu nusu, zikatoka hafifu na zenye giza. Anayeiandikia kana kwamba anaandikia kinanda huiharibu. Mwaka 1967, mtunzi Mjapani Toru Takemitsu aliiweka mbele ya okestra ya New York pamoja na biwa, ala ya nyuzi, bila kuzilazimisha zifanane na okestra. Nawe usiilazimishe ifuate kinanda cha kwaya.

Kuhusu riziki, nitasema wazi: hata Japani wapulizaji wengi hutegemea kufundisha, na shule kama Tozan, iliyoanzishwa Osaka mwaka 1896, huwapa wanafunzi vyeti vya ngazi kwa ngazi. Mwanza hakuna foleni ya wanafunzi wa shakuhachi. Fundisha kwanza filimbi unayoijua, tafuta mwalimu wa shakuhachi kwa njia ya intaneti, na kazi inayokulisha sasa usiiache.

Chunga pia mwanzi wenyewe, maana ukikauka ghafla hupasuka, na kiangazi cha Juni hadi Agosti hakina huruma. Futa ndani kwa kitambaa, uifunge kwenye mfuko wa nailoni, wala usiiache juani. Wanafunzi watakapokuja, wakatie bomba la plastiki la maji lenye urefu wa sentimita 54 na nusu, yaani shaku 1 na sun 8 kwa vipimo vya zamani vya Kijapani, kipimo kilichoipa ala hii jina lake (hachi ni nane). Tundu likitobolewa vibaya, hasara ni kipande cha bomba.