Msimbo wa hitilafu si jina la kipuri kibovu: jibu kwa fundi kijana

SWALI: Shikamoo fundi. Nina umri wa miaka 23, nina cheti cha ufundi wa magari, na kwa miaka miwili nimefanya kazi katika gereji ya kawaida, hasa breki, klachi na kushusha injini. Sasa nimeitwa kwenye usaili katika karakana ya kampuni inayouza magari mapya. Wenzangu wananiambia kwamba huko kazi yote inafanywa na kompyuta: unachomeka mashine, inakutajia kifaa kilichokufa, unakibadilisha, basi. Wanasema baada ya miaka michache nitakuwa nimesahau hata kufungua injini. Je, ni kweli? Na je, nihame au nibaki nilipo?

JIBU: Marahaba. Nitaanza na hiyo mashine, kwa sababu ukishaielewa vizuri, swali lako la pili litakuwa jepesi zaidi.

Mashine ya kupima haitakutajia kifaa kilichokufa. Inachofanya ni kuzungumza na kompyuta za gari kupitia plagi ya matundu 16 iliyo chini ya dashibodi, ambayo Marekani iliifanya kuwa ya lazima kwa magari madogo kuanzia toleo la mwaka 1996 na baadaye ikaenea duniani, kisha kukusomea, kwa namba iitwayo msimbo, jambo ambalo kompyuta imeliona kuwa si la kawaida. Kompyuta yenyewe haina macho ya kuona mpira uliopasuka wala bolti iliyolegea. Inaona volti zinazopanda na kushuka, na kutokana na volti hizo inahitimisha kwamba kipimo fulani kimetoka nje ya mipaka yake. Msimbo ni taarifa ya dalili, na kutoka kwenye dalili hadi kwenye chanzo kuna safari ambayo bado inatembewa na fundi mwenyewe.

Chukua msimbo P0171, ambao utakutana nao mara nyingi. Maana yake ni kwamba upande wa kwanza wa injini unachoma mchanganyiko wenye hewa nyingi kuliko petroli inavyoruhusu. Aliyeleta habari hiyo ni sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la ekzosi, na mafundi wengi wakisikia hivyo humrukia yeye huyo huyo, wakasahau kwamba mjumbe hauawi. Niliwahi kumsimamia kijana ambaye alikuwa amekwisha kubadilisha sensa hiyo na kufuta msimbo. Taa ya injini ilizimika kwa siku chache kisha ikarudi, naye alikuwa njiani kuagiza sensa ya kupima hewa inayoingia kwenye injini. Nilimwomba asifungue kitu chochote, awashe injini, aiache ipate joto, kisha anisomee kwenye mashine kiwango cha marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza ili kuusawazisha mchanganyiko. Injini ikinguruma bila kukanyagwa, nyongeza ilikuwa asilimia 22. Alipokanyaga hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, ikashuka hadi asilimia 4.

Namba hizo mbili zilitosha kutupeleka mahali pa kutafuta. Hewa inayopenya kwa wizi baada ya sensa ya kupima hewa ni sehemu kubwa ya hewa yote injini inapopumzika, lakini injini inapovuta kwa nguvu, kiasi kile kile cha wizi hupotea ndani ya hewa nyingi halali. Kama pampu ya mafuta ingekuwa dhaifu au chujio lake limeziba, mambo yangekuwa kinyume: nyongeza ingepanda pale injini inapohitaji petroli nyingi. Basi tukaifuata mipira ya vakyumu, yaani mabomba laini yanayopitisha mvuto wa hewa wa injini, kwa mkono, mmoja baada ya mwingine. Ule wa nyuma ya manifoldi ya hewa, yaani bomba linaloigawia injini hewa, ulionekana mzima kabisa kwa juu. Ulipopindwa kidogo, ufa wenye urefu wa ukucha ulifunguka upande wa chini, mahali ambapo mvuke wa oili ulikuwa umeulainisha mpira kwa miaka. Sensa ya zamani ilikuwa nzima tangu mwanzo, na mteja alikuwa ameilipia mpya bure. Jambo hilo huniuma kila nikilikumbuka, kwa sababu mteja hana njia ya kujua kwamba hakuhitaji kipuri alichouziwa.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa mifumo mingine pia. Kompyuta za gari la kisasa huwasiliana kupitia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, na katika magari mengi kila ncha ya mtandao huo ina kizuizi cha umeme cha omu 120 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Betri ikiwa imekatwa, mita yako ya umeme ikiwekwa kati ya nyaya hizo inapaswa kusoma karibu omu 60. Ukisoma 120, kizuizi kimoja kimepotea au waya umekatika njiani, na umelijua hilo kabla hujang'oa kompyuta hata moja. Vilevile, kabla ya kuilaumu stata, pima volti kati ya bodi ya injini na ncha hasi ya betri wakati stata inazunguka: inatakiwa kukaribia sifuri, na ukikuta nusu volti au zaidi, kuna kutu au bolti iliyolegea kwenye waya wa hasi. Katika kazi zote hizi mkono wa fundi aliyezoea klachi na injini hauendi bure, maana yeye tayari anajua mpira mzima unavyohisi ukiuminya.

Sasa nihamie kwenye swali la kuhama. Karakana ya kampuni ina kitu kimoja ambacho gereji ya kawaida hukipata kwa shida: taarifa za mtengenezaji, yaani michoro ya nyaya, hatua za upimaji, matoleo mapya ya programu za kompyuta za gari, na matangazo ya kiufundi kuhusu kasoro zinazojirudia. Tena kazi za dhamana, yaani matengenezo ambayo mtengenezaji ndiye anayeyalipia, zitakufundisha kuandika. Mtengenezaji hailipi karakana kwa maneno matupu. Anataka kuona lalamiko la mteja, chanzo kilichopatikana pamoja na vipimo vilivyokithibitisha, na tiba iliyotolewa, na fundi anayeandika tu kwamba amebadilisha sensa anaweza kusababisha dai zima likataliwe. Nidhamu hiyo hukufanya upime, kwa kuwa lazima uwe na cha kuandika. Ni mafunzo makubwa, na ndiyo yanayofungua nafasi nyingine katika kampuni hizo, kama vile mpokeaji wa magari ya huduma, msimamizi wa madai ya dhamana, mkuu wa karakana au mkufunzi.

Hasara zake pia zipo. Utashughulika na chapa moja, na mwanzoni utabadilisha oili na kukagua magari mapya kabla ya kukabidhiwa wateja hadi uchoke. Uliza pia mfumo wa malipo, kwa sababu kampuni nyingi humlipa fundi kwa saa zilizopangiwa kila kazi na wala si kwa saa alizokaa karakanani. Mfumo huo humneemesha mwenye kasi ya kubadilisha breki, na unaweza kumwadhibu anayetumia saa mbili kutafuta ufa wa ukucha.

Kuhusu magari ya mseto (yenye injini na mota ya umeme pamoja) na ya umeme, nakuomba jambo moja kwa msisitizo: usiguse nyaya za rangi ya chungwa hadi uwe umepata mafunzo rasmi. Mengi ya magari ya umeme hubeba takriban volti 400, mengine 800, na mfumo hubaki na umeme kwa muda hata baada ya kuzimwa. Karakana inayokutuma huko bila glavu za kuhami umeme na bila mafunzo haikutakii mema.

Siku ya usaili, basi, waulize ni nani hukabidhiwa magari yenye hitilafu ngumu, na kama fundi mpya huruhusiwa kusimama kando yake. Waulize pia muda wa upimaji hulipwaje. Wakikujibu kwamba upimaji una saa zake na kwamba utapangwa na fundi mwandamizi, hama bila wasiwasi. Wakikujibu kwamba wapya hukaa kwenye oili mpaka mtu aondoke, baki ulipo kwa sasa, nunua mita nzuri ya umeme, na umwombe mwenye gereji kila gari linaloingia na taa ya injini lipitie kwako kwanza.