"Ndiyo afande" haitoshi

Nilikuwa sajenti wa platuni, kikosi cha askari kinachoongozwa na luteni, kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Nusu ya kazi ile ni kusimama kati ya luteni na askari na kuhakikisha maneno yanafika yakiwa mazima. Maluteni wapya walikuja wakaondoka, wengi wao wakiwa na elimu kunizidi. Nilikuwa nawapima kwa jambo moja tu: baada ya kutoa oda, wanafanya nini?

Wengi huuliza, "Mmeelewa?" Swali hilo achana nalo. Askari atajibu "Ndiyo afande!" hata kama hajaambulia kitu, ndivyo alivyozoeshwa tangu ukuruta. Mchague koplo mmoja, ikiwezekana yule anayesinzia nyuma, umwambie: "Hebu nieleze seksheni yako (kikundi kidogo ndani ya platuni) itakuwa wapi saa kumi alfajiri, na kwa nini." Hapo utajua oda yako imefika au imeishia hewani. Akikosea, mweleze upya kwa utulivu. Ukimfokea, kesho wenzake watakukaririshia maneno yako kama kasuku na hutagundua nani amepotea.

Hiyo "kwa nini" ndiyo wakubwa wengi huisahau. Nilipenda kuwasimulia vijana habari za Balaclava, kwenye vita vya Crimea, tarehe 25 Oktoba 1854. Lord Raglan, mkuu wa majeshi ya Uingereza, alikuwa juu kilimani. Kutoka kule aliona Warusi wanataka kuondoa mizinga waliyoiteka, akatuma karatasi: wapanda farasi wasonge mbele haraka, wamzuie adui asiiondoe. Mizinga ipi? Yeye alikuwa anaiona. Lord Lucan, mkuu wa wapanda farasi, aliyekuwa chini bondeni, hakuiona. Alipouliza, Kapteni Nolan aliyeleta ujumbe alinyoosha mkono kwa jeuri kuelekea bondeni. Lucan akampa oda Lord Cardigan, mkuu wa brigedi nyepesi ya wapanda farasi na shemeji yake ambaye walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Cardigan akamkumbusha kwamba kule mbele kuna mizinga ya Warusi. Jibu likawa kwamba ndivyo Raglan anavyotaka. Wapanda farasi zaidi ya 600 wakaingia bondeni, kwenye mizinga isiyo yenyewe. Zaidi ya 100 walikufa, na Nolan alikuwa miongoni mwa wa kwanza.

Watu humlaumu Nolan. Mimi namlaumu zaidi Raglan, kwa sababu aliandika akiwa kilimani bila kujiuliza mtu wa bondeni anaona nini. Kabla hujatoa oda, shuka ulipo mstari wa askari wako, piga magoti kama ni lazima. Chora ardhi kwa kijiti na mawe, kila mtu aone mto uko wapi na wenzake watakuwa wapi. Ujumbe wa redio uwe mfupi, na anayepokea arudie namba zote.

Kuhusu makundi ya WhatsApp: tangazia humo mechi ya mpira. Oda usitume, kwa usalama wenu, na kwa sababu tiki mbili za bluu hazina tofauti na "ndiyo afande".

Taarifa za kutoka chini nazo hazipandi zenyewe. Kwenye gwaride hakuna atakayekuambia kwamba buti zimekwisha au kwamba koplo fulani amefiwa na hajapewa ruhusa. Nenda wakati wanasafisha silaha, kaa, safisha na ya kwako, zungumza mambo ya kawaida. Ukishaambiwa, pita kwa koplo wake kabla ya kuchukua hatua. Ukimruka koplo leo, kesho hatakuletea habari yoyote.