Siku niliyomtoa Bibi yako Bagamoyo

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema ukija likizo Desemba unataka kunitoa siku nzima, kama nilivyomtoa Bibi yako Bagamoyo mwaka 2016, ila unaogopa, maana sisi wawili tukikaa saa mbili tayari tumegombana. Unauliza mimi na mama yangu tuliwezaje. Nani kakwambia tuliweza? Ile picha ya ukutani ilipigwa jioni. Tangu saa tano asubuhi hadi saa nane mchana tulikuwa tumenuniana.

Bibi alikuwa amekuja Dar kutoka Tabora kutibiwa macho, akachoka kukaa sebuleni kusikiliza televisheni asiyoiona vizuri. Nikamnunulia viatu vipya Kariakoo, nikaandika orodha: Misheni, Ngome Kongwe, Boma, Karavanserai ile nyumba ya kupumzikia misafara, soko la samaki, magofu ya Kaole. Ualimu ni ugonjwa. Nilimpangia mama yangu safari kama darasa la sita.

Alfajiri tukapanda daladala, kilomita 70 hivi, tukaanzia Misheni. Pale alifurahi. Ile njia ya miembe ina kivuli kizuri, naye akawa anaigusa miti kama anasalimiana nayo. Kijana aliyetuongoza akatueleza kuwa mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, kisha akatuonyesha mnara ulikolazwa mwili wa Livingstone Februari 1874, kabla haujavushwa kwenda Zanzibar. Akasema watumishi wa Livingstone, Susi na Chuma, waliubeba kutoka Chitambo, Zambia ya leo.

"Wawili tu?" Bibi akauliza. "Miezi yote hiyo?"

Kijana akakiri kuwa ulikuwa msafara wa watu wengi.

"Basi wataje na hao wengine."

Kijana akacheka. Bibi hakucheka.

Tukaingia mjini. Njiani kijana akaeleza jina la mji: bwaga moyo, kwamba watumwa waliofungwa minyororo wakiiona bahari walijua hawatarudi kwao tena, wakakata tamaa. Bibi akanong'ona, "Si wote waliofungwa," nami nikamnyamazisha kwa jicho. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Yale mengine ni ya kuchekesha tu: kwamba alikataa kuingia Ngome Kongwe, kwamba Boma la Wajerumani la 1897 alilitazama kutoka ng'ambo ya barabara kama mtu anayemtazama mdeni wake, kwamba aliketi kwenye baraza ya nyumba ya watu asiowajua na kuanza kuulizana nao habari za watoto.

"Mama, tumetoka mbali, utakaa barazani kwa watu?"

"Nenda wewe. Utanisimulia."

Nikaenda peke yangu, nimevimba. Niliporudi alikuwa ameshapewa maji na kipande cha muhogo.

Saa nane tukafika soko la samaki, mimi nikiwa bado nahesabu muda wa bajaji ya kwenda Kaole. Bibi akaketi juu ya ubao wa mashua iliyopinduliwa, akavua viatu. Vidole viwili vilikuwa vimechubuka, damu imeganda kwenye soksi. Kumbe vilikuwa vinambana tangu Misheni, na hakusema kwa sababu nilikuwa nimevinunua mimi. Orodha nikaikunja. Mama mmoja akatukaangia changu wawili, tukala kwa mikono.

Ndipo nikamuuliza alikuwa na maana gani kusema si wote.

"Babu yangu hakufungwa," akasema. Alikuja pwani mara mbili na misafara kutoka Unyamwezi, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Safari ya kwanza alibeba jino la tembo, akarudi na vitambaa, na kwa hivyo vitambaa akaoa. Siku hizo kijana ambaye hajafika pwani alichekwa na wasichana. Wapagazi wa Kinyamwezi mzigo waliuweka begani, na Bibi akiwa mtoto mzee huyo alikuwa akimwachia aiguse sugu ya bega lake la kushoto, ngumu kama kisigino. Kwake yeye kubwaga moyo kulikuwa kutua mzigo, ukapumua.

Watumwa walipita pale, mwanangu, kwa maelfu, na usimwachie mtu akuambie vinginevyo. Lakini nilikuwa nimefundisha historia miaka 26 nikieleza maana ile moja tu, na mtu wangu mwenyewe aliingia mji ule na mzigo begani. Sikuwahi kuuliza.

Akainuka, akatembea peku mpaka maji yakamfika kwenye vifundo. Akasimama hapo. Mvuvi mmoja akanisaidia kupiga ile picha. Kaole sijaiona hadi leo.

Sasa Desemba. Bagamoyo usinipeleke. Nipeleke Tabora kwa treni, ile ya zamani inayokwenda polepole, unikatie siti ya dirishani, tukamchukue Bibi tumtembeze huko kwao, kama bado ana nguvu. Tutagombana, najua, pengine kabla ya Morogoro. Na viatu usininunulie. Nitavaa hivi hivi nilivyonavyo.

Mama yako