Kwanza nauliza kama inajua kuhesabu tatu

Mhariri,

Mmeuliza wiki hii: mashine mpya ya ngoma yenye sampla (kinasa sauti kinachozikata vipande vya kupigwa) ikitangazwa, wewe hutazama nini kwanza? Mimi hutengeneza biti Likoni, Mombasa, katika chumba cha nyuma nyumbani kwa mamangu. Ninachotazama kwanza ni kama mashine inaweza kuhesabu tatu tatu bila kuchechemea.

Najua wengi watawajibu kwamba huanza na memori, yaani nafasi ya kuhifadhi sauti. Ndivyo ilivyokuwa Novemba 2023, kampuni ya Teenage Engineering walipoitangaza mashine yao ya EP-133 K.O. II. Simu yangu haikutulia siku ile. Bei ya dola 299 iliwafurahisha watu, umbo lake la kikokotoo likawagawa, lakini ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya megabaiti 64. Iweje mashine ya mwaka 2023 iwe na nafasi ndogo kuliko simu ya bei ya chini kabisa dukani? Nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Kwa ubora wa sauti wa mashine ile, megabaiti 64 za mono (sauti ya njia moja) ni zaidi ya dakika 11. SP-1200 ya E-mu, iliyotoka mwaka 1987, ilikuwa na sekunde 10 tu, na sehemu kubwa ya hip-hop ya New York ikajengwa juu yake. Maprodusa walikuwa wakiicheza sahani ya santuri ya mizunguko 33 kwa kasi ya 45, kipande kiingie upesi na kichukue nafasi kidogo, kisha wakakishusha ndani ya mashine mpaka kirudi kwenye kasi yake. Mkwaruzo ulioletwa na hila hiyo ndio watu wanaoutafuta leo kwa pesa nyingi.

Kwa hiyo kilio cha memori nakielewa ila hakininyimi usingizi, wala kile cha stirio (sauti ya njia mbili, kushoto na kulia). Digitakt ya Elektron ilipotoka mwaka 2017 ilikuwa ikirekodi mono peke yake, watu wakalalamika miaka saba, na Digitakt II ya mwaka 2024 ikaja na stirio. Watengenezaji husikia wakilalamikiwa vya kutosha. Jambo langu mimi halilalamikiwi, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Chakacha ni ngoma ya sita kwa nane: mapigo huhesabiwa sita sita. Mwenye kukulia kwenye harusi za pwani hahitaji kuelezwa, kiuno chake kinajua. Ndani ya mapigo yale sita mna mafungu mawili ya tatu tatu, na wakati huo huo mna mafungu matatu ya mbili mbili, na utamu wote uko pale msikilizaji asipojua aegemee upande upi. Vumi, ngoma kubwa, hushikilia chini; chapuo, ngoma ndogo, huzungumza juu yake. Sasa chukua karibu mashine yoyote ya leo uiwashe. Hatua 16, yaani nafasi za kuwekea mapigo, zimegawika nne nne, na taa zinawaka kwa mpango huo huo. Metronomu, mlio wa kuhesabia mapigo, nayo inagonga nne. Ukiirekodi chapuo na kuikata vipande vizuri kabisa, unayo sauti ya chapuo, lakini usemi wake huna.

Watu huniambia: weka swingi. Hapa naomba subira yenu, maana ndipo penye kiini cha jibu langu. Swingi tuliyonayo kwenye mashine hizi ilitoka kwa Roger Linn, aliyeiweka kwenye LM-1 yake ya mwaka 1980, mashine ya kwanza ya ngoma kutumia sauti zilizorekodiwa za ngoma halisi, kisha akaja nayo kwenye MPC60 aliyowaundia Akai, mwaka 1988. Kazi yake ni rahisi na ya kijanja sana: inachelewesha kila hatua ya pili. Ukiiweka asilimia 50 hakuna kilichosogea. Asilimia 66 hatua ya pili imesogea hadi mahali pa pigo la tatu katika tatu. Kwa funk na hip-hop ni dawa. Kwa chakacha haitoshi, kwa sababu katika zile tatu imekupa la kwanza na la tatu, na la katikati halipo. Chapuo husema hapo hapo katikati!

Njia ya pili ni kuufupisha mzunguko uwe wa hatua 12. Hii inafaa, lakini sharti swingi izimwe kabisa. Ukiiacha ikiwaka, itachelewesha hatua ya 2, ya 4, ya 6, na kuendelea. Zihesabu kwa mafungu ya tatu: katika fungu la kwanza imechelewa ya katikati, katika fungu la pili zimechelewa ya kwanza na ya mwisho. Yaani kichwa cha fungu la pili kimesukumwa nyuma, na ngoma inatembea kama mtu aliyechomwa na mwiba mguu mmoja.

Mimi nililijua hilo kwa aibu. Mashine yangu ya kwanza niliinunua mkononi kwa mtu, nikamrekodi mpiga chapuo mmoja wa mtaani kwetu, mzee aliyezipigia harusi za shangazi zangu wote. Usiku kucha nikakata na kupanga, swingi juu, nikijiona nimefika. Asubuhi nikamwekea asikilize. Alinyamaza hadi mwisho, kisha akaniambia kwa upole kwamba sauti ni yake lakini ngoma si yake, hii inakwenda kwa fimbo. Ilinichukua majuma kugundua kosa lilikuwa wapi. Nilipozima swingi, nikabaki na hatua 12, na vipigo vya chapuo nikavisogeza kimoja kimoja kwa mkono, nilimwita tena. Safari hii aliichukua ngoma yake akapiga juu ya lupu yangu, na hatukuacha mpaka adhana ya magharibi.

Wala si jambo gumu kwa watengenezaji. Roland TR-808 ya mwaka 1980, ambayo haina sampla yoyote, ilikuwa na swichi ya kuchagua mgawanyo wa mapigo, na tatu tatu zilikuwamo. Mashine za MPC nazo zinaweza kunyoosha mapigo (kuyavuta yakae sawasawa kwenye hatua) kwa tatu, au kuacha kuyanyoosha kabisa ukapiga padi kama upendavyo. Uwezo upo tangu zamani. Ila siku ya kutangazwa mashine mpya hutausikia ukitajwa, na anayeionyesha kwenye video hupiga nne kwa nne kuanzia mwanzo hadi mwisho, nasi tunaagiza, tunangoja mzigo, tunalipa ushuru, halafu tunagundua nyumbani.

Kwa hiyo mashine ikitangazwa, video naiacha kwanza. Natafuta kitabu cha maelekezo, ambacho mara nyingi huwekwa mtandaoni mapema, na kusoma mambo manne. Je, mzunguko unaweza kuwa wa hatua 12, na kila ngoma kuwa na urefu wake, ili vumi iende sita na upatu uende kumi na mbili? Je, metronomu inakubali kugonga tatu? Naweza kusogeza kipigo kimoja mbele au nyuma bila kugusa vingine? Na kunyoosha mapigo kunazimika kabisa, au kunapunguzwa tu? Nikikosa la kwanza na la mwisho, siendelei, hata memori iwe bahari.

Nina ombi kwenu pia. Katika kurasa zenu za kupima vyombo huwa mnaandika bei, uzito, memori na matundu ya waya. Ongezeni mstari mmoja: sita kwa nane, ndiyo au hapana. Na mpimaji asijibu kwa kusoma karatasi ya kiwandani, apange chakacha moja ya mizunguko minane, kisha amwekee mtu anayeijua asikilize.